Mswada wa Kitanda

Kwa Ardys Feist siri haikupata kulala usiku mmoja. Ukimwambia asubuhi kwamba ng'ombe wako kazaa pacha, ikifika saa sita mchana mji mzima wa Neuheim unakupa hongera, na jioni padri anakuuliza kama dume ni la kuuza. Mkahawa wake ulikuwa kati ya ghala la ngano na posta, meza tisa za kawaida na ya kumi ndefu kando ya dirisha. Hiyo ya kumi ndiyo iliyokuwa bunge. Wazee walikaa pale tangu saa kumi na mbili asubuhi, wakirusha dadu kuamua nani alipie kahawa, na kabla ya saa tatu walikuwa wameshamaliza matatizo ya dunia na kuanza ya majirani.

Kwa hiyo ilipotakiwa mtu wa kwenda Bismarck, mji mkuu wa jimbo, kusema mbele ya Kamati ya Afya ya Seneti, hakuna aliyehangaika kutafuta jina la pili.

"Nyie mna wasiwasi wa nini?" alisema Delmar, kaka wa marehemu mumewe, mzee mwenye kofia ya kampuni ya mbegu asiyoivua hata kanisani mpaka akumbushwe. "Shemeji akishika kipaza sauti, hao maseneta wataomba mapumziko wao."

Watu wakacheka. Ardys naye akacheka, akawamiminia kahawa.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Miaka miwili nyuma binti yake, Danika, alijifungua katika wiki ya ishirini na saba. Mtoto njiti, wa kike, uzito wake haukufika mfuko wa sukari. Hospitali yenye mashine za kulea watoto wa namna hiyo iko maili mia na arobaini kutoka Neuheim. Siku ya tatu daktari alimpima Danika, akamwona mzima, akamwandikia ruhusa aende nyumbani. Mtoto akabaki siku themanini na moja. Sasa mama mwenye mtoto ndani ya kisanduku cha kioo anakwenda nyumbani wapi? Mtoto anataka maziwa kila baada ya saa tatu, na wauguzi wenyewe wanasema dawa kubwa kuliko zote ni kumlaza kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi. Lakini kitanda cha mama hakipo. Sheria haikukitaja.

Safari hii mswada ulikuwa umekitaja. Ulikuwa na namba, ila Neuheim waliuita Mswada wa Kitanda: mama wa njiti anayeishi zaidi ya maili hamsini apewe kitanda ndani ya hospitali au mlango wa pili, mpaka siku mtoto atakapotoka. Na mwisho wake kulikuwa na kifungu kifupi kwamba sheria ianze siku ileile gavana atakapotia sahihi, isingoje Agosti kama sheria nyingine.

Kifungu hicho ndicho kilichomnyima Ardys usingizi. Danika alikuwa na mimba nyingine, ya wiki ya ishirini na nne, na daktari alishasema hii nayo huenda isifike Juni. Alikatazwa hata safari ya kwenda kushuhudia. Na bunge la Dakota Kaskazini hukaa miezi minne tu, kisha hufunga milango na kungoja mwaka wa pili. Mswada ukianguka Februari hii, mtoto huyu atakuwa ameshazaliwa na anakimbia kabla haujarudi.

Basi Ardys akaenda. Alivaa koti lake la kanisani, akabeba trei mbili za kuchen, ile keki ya maziwa na plamu ambayo huko bila hiyo mtu hajaoa wala hajazikwa. Trei moja akawapa makarani wa mlangoni, ya pili akaiweka kwenye meza ya kahawa ya kamati. Mwenyekiti alikuwa Verlin Zimmerle, mkulima wa alizeti kutoka maili kumi na mbili kaskazini ya Neuheim. Walisoma wote darasa moja. Verlin ndiye aliyewahi kuramba mlingoti wa chuma wa bendera wakati wa theluji, akiwa na miaka minane, ulimi ukagandia hapo, na Ardys ndiye aliyemmwagia maji ya uvuguvugu ukabanduka.

Alisoma karatasi yake vizuri. Maili, siku, wiki, uzito wa mtoto. Dakika tatu zikaisha sawasawa. Verlin akavua miwani.

"Bi Feist," alisema, maana pale hawaitani majina ya shuleni, "tuambie kwa maneno yako mwenyewe. Siku hizo themanini na moja mlijimudu vipi?"

Wanasheria, wauguzi, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, wote wakamtazama yeye. Na Ardys Feist, mwanamke anayejua mpaka rangi ya soksi za padri, akasikia kinywa chake kikijibu chenyewe.

"Ah, tulijimudu tu, Mheshimiwa. Haikuwa mbaya sana. Wapo waliopata tabu kuliko sisi."

"Asante," alisema Verlin, akaandika.

Aliyefuata alikuwa msemaji wa mahospitali, bwana mpole mwenye tai ya buluu. Akasema wauguzi huwauliza wazazi wote kama wana pa kulala, na karibu wote husema wanapo. Kisha akamgeukia Ardys kwa adabu kabisa. "Kama mama alivyosema mwenyewe, familia za huku hujimudu." Kura zikapigwa baada ya chakula cha mchana. Wanne walishauri mswada usipite, wawili upite.

Alirudi nyumbani akiendesha polepole, theluji ikikatiza barabara kama unga uliopeperushwa. Kila akipita lango la shamba alijiambia, mwanamke wewe, umerogwa na nani?

Hakurogwa na mtu. Ndivyo walivyo watu wa huko. Ukimkuta mtu kalaliwa na trekta, ukamuuliza hali, atakwambia, siyo mbaya, ila kama una nafasi. Kulalamika ni aibu, kumsumbua mtu ni aibu kubwa zaidi. Hata kahawa hawaipokei kwa kuitwa mara moja. Ukimkaribisha mgeni, mara ya kwanza husema hapana asante, nimetoka kunywa. Mara ya pili husema usijisumbue. Ya tatu ndipo husema, basi, kidogo tu, kama ipo tayari. Anayekubali mara ya kwanza huonekana hakulelewa, na mwenyeji anayeuliza mara moja tu na kurudisha birika jikoni, huyo ndiye husemwa mpaka Pasaka.

Mkahawani walikuwa wameshaona yote kwenye runinga, maana vikao huonyeshwa moja kwa moja. Alipoingia, meza ndefu ikapata shughuli ya ghafla na dadu.

"Haya, semeni," alisema Ardys akivua koti.

"Kuchen walikula?" aliuliza Delmar.

"Walikula."

"Yote?"

"Yote, Delmar."

"Basi haikuwa mbaya sana," alisema Delmar. Mtu mmoja akakohoa kahawa puani. Ardys hakucheka. Akaingia jikoni.

Danika alikuwa huko, amekaa kwenye kiti kirefu, miguu juu ya kreti la viazi, akimenya. Mtoto wake Marlo, yule njiti wa mfuko wa sukari, alikuwa chini ya meza akigonga sufuria kwa mwiko kama anayetangaza vita. Mume wa Danika yuko kwenye visima vya mafuta magharibi, hurudi kila baada ya wiki mbili.

"Niliona," alisema Danika.

"Najua uliona."

"Haikuwa mbaya sana, Mama?"

"Mwanangu, lilitoka lenyewe."

"Nililala ndani ya pikapu." Danika hakupandisha sauti. Kwao sauti haipandi, hupungua. "Siku kumi na moja. Ile nyumba ya kulala wazazi wenye watoto hospitalini ilikuwa imejaa, barabara imefungwa kwa dhoruba. Nilikamulia maziwa kwenye kiti cha mbele nikayachimbia kwenye theluji ili yasiharibike. Nyuzi thelathini chini ya sifuri. Wewe mwenyewe ulinikuta."

"Nilikukuta."

"Na hukusema."

"Na wewe je? Muuguzi alikuuliza una pa kulala, ukamjibu nini?"

Danika akamenya kiazi chote kabla ya kujibu. "Nilimwambia nina binamu mjini."

"Unaye?"

"Mama, unajua sina."

Wakatazamana, na kidogo wacheke, ila kicheko hakikufika. Kwa maana siri hii moja, katika siri zote zilizowahi kuvuka kizingiti cha mkahawa ule, Ardys hakumpa mtu. Siku ya nane ya pikapu alikuwa amefika na mablanketi mara tu barabara ilipofunguliwa, akakuta barafu upande wa ndani wa kioo, na binti yake amejikunja ndani ya ovaroli la mumewe, midomo ya kijivu. Hata hapo Danika alikataa kuondoka, kwa sababu nafasi kwenye ile nyumba ya wazazi iliahidiwa "kesho, au keshokutwa". Ardys akabaki naye siku tatu zilizosalia, mama na mwana kwenye viti viwili vya mbele. Aliporudi Neuheim, watu walimuuliza, naye akawaambia mtoto anaendelea vizuri, wauguzi ni watu wema, supu ya hospitali haina chumvi. Angesemaje? Kwamba Feist alikosa pa kulala kama mbwa wa ghalani? Mficha uchi hazai, ni kweli, lakini yeye alishazaa na bado anaficha.

"Mswada unakwenda Seneti nzima Jumanne," alisema Danika. Ndivyo sheria ya jimbo lile ilivyo. Kamati haiwezi kuua mswada kimya kimya. Ikishauri vyovyote, maseneta wote lazima waupigie kura mbele ya watu. "Lakini mwenyekiti akisimama aseme usipite, nani atambishia? Na kile kifungu cha kuanza mara moja kinataka theluthi mbili."

"Verlin atakuja Jumamosi. Huwa anakuja."

"Utamwambia?"

Ardys akachukua kisu, akaanza kumenya naye. Marlo akagonga sufuria.

"Utamwambia, Mama?"

Danika alikuwa amemuuliza mara mbili. Ardys aliligundua hilo baadaye, akikanda unga, akasimama, mikono yenye unga ikiwa hewani.

Jumamosi mkahawa ulijaa mpaka watu wakakalia dirisha. Maseneta wa huko ni wakulima na walimu. Ijumaa hufunga mafaili, wakarudi kulisha ng'ombe, na Jumamosi hukaa mahali wapigakura wawaone. Verlin aliingia akipangusa buti, akasalimia kila meza, akasikia habari za mtaro uliozibwa na habari za mkwe wa fulani aliyenunua pikapu ya rangi ya zambarau. Akaketi. Hakumtazama sana Ardys. Ardys akaja na birika mkono mmoja, sahani mkono wa pili.

"Kuchen, Verlin?"

"Hapana, asante, Ardys. Nimekula nyumbani."

"Kipande kimoja."

"Usijisumbue."

"Ni ya plamu."

"Basi, kidogo tu, kama ipo tayari."

Akamwekea. Verlin akala uma wa kwanza, wa pili. Ardys hakuondoka.

"Verlin, nimekuuliza mara ngapi?"

"Nini?"

"Kuchen. Nimekuuliza mara ngapi?"

Verlin akatafuna taratibu. "Tatu. Kama siku zote."

"Na wewe kule Bismarck, uliniuliza mara ngapi?"

Uma ukasimama. Meza ndefu ikaacha dadu. Verlin Zimmerle alizaliwa mahali pale, na mama yake alikuwa mwanamke aliyeweza kukataa kahawa mara nne. Hakuhitaji kuelezwa. Uso ukamwiva polepole kuanzia shingoni, kama siku ile ya mlingoti.

"Mara moja," alisema.

"Mara moja, ukarudisha birika jikoni."

Delmar akapiga mluzi mdogo. "Seneta, hapo umeshikwa."

"Nyamaza, Delmar," alisema Verlin, bila hasira. Akaweka uma, akafuta mdomo, akageuza kiti kumkabili mwenye mkahawa. "Ardys. Mlijimudu vipi?"

"Ah, haikuwa mbaya sana," alisema Ardys.

Hakukusudia! Mkahawa mzima ukaangua kicheko, hata Danika mlangoni pa jikoni akashika tumbo. Ardys akaweka birika mezani. Verlin hakucheka. Alingoja kicheko kiishe chote, kisha akauliza kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayemsogezea mwenzake sahani.

"Ardys. Mlijimudu vipi?"

"Hatukujimudu," alisema.

Halafu akasema yote. Hakusema vizuri kama alivyozoea kusema habari za watu wengine. Aliruka, akarudi nyuma, akasahau siku. Alisema barafu ilivyokuwa ndani ya kioo. Alisema chupa za maziwa zilizopangwa kwenye theluji karibu na gurudumu, na jinsi mbweha alivyochukua moja, na Danika akalia kwa ajili ya ile chupa kuliko alivyolia kwa kitu kingine chochote, kwa kuwa ilimchukua alfajiri nzima kuijaza. Alisema Danika alivyomdanganya muuguzi kwamba ana binamu. "Na mimi nikawadanganya ninyi wote," alisema, "hapa hapa, na birika mkononi."

Nje lori la ngano likapita, vikombe vikagongana kidogo.

"Lakini shemeji," alisema Delmar, na kofia alikuwa ameivua mwenyewe bila kukumbushwa, "kaka wa mke wangu anakaa mtaa wa nne kutoka hospitali ile. Vyumba viwili vitupu."

"Najua, Delmar."

"Ungepiga simu moja!"

"Sikutaka kumsumbua."

Delmar akageuza kofia mikononi. Mwaka uliopita yeye mwenyewe alikaa na mguu uliovunjika siku mbili akingoja jirani amalize kuvuna.

Mwanamke mmoja kwenye meza ya tatu, ambaye hakuwa amesema kitu tangu Krismasi, akanena kwamba wa kwao alizaliwa wiki ya thelathini, na mumewe alilala kwenye ukumbi wa kufulia nguo. Mwingine akasema yeye alikwenda na kurudi kila siku, mpaka siku alipoliingiza gari mtaroni kwa usingizi. Verlin aliandika kwenye karatasi ya kuwekea sahani, upande wa kwanza, akaigeuza, akaandika wa pili. Alipoinuka aliikunja akaitia mfuko wa kifuani.

"Yule bwana wa hospitali hakusema uongo," alimwambia Ardys mlangoni. "Wanauliza kweli. Ila nao wanauliza mara moja."

Jumanne runinga ya mkahawa iliwashwa kabla ya supu kuiva. Verlin alisimama. Watu walidhani atashauri usipite, maana ndilo lililokuwa jukumu lake kama mwenyekiti. Badala yake aliomba mswada urudi kamatini, kwa sababu, alisema, mwenyekiti alifanya kazi yake nusu. Ijumaa ukarudi ukumbini na sentensi moja mpya. Akaisoma polepole: hospitali itamkaribisha mama kwenye kitanda, na akikataa itamkaribisha tena, na akikataa itamkaribisha mara ya tatu, kwa nyakati tofauti, na kila jibu liandikwe.

Seneta mmoja kijana kutoka mji mkubwa akauliza, mara tatu ya nini, si mtu mzima akisema hapana basi ni hapana?

"Mheshimiwa," alisema Verlin, "mama yako ni mtu wa wapi?"

Ukumbi ukacheka, mzee mmoja wa Kinorwe upande wa pili akagonga meza kwa kiganja. Ubao wa kura ukawaka kijani na nyekundu. Theluthi mbili ilikuwa thelathini na wawili. Ardys alihesabu taa za kijani kwa kidole hewani, akafika thelathini na nne, akahesabu tena kwa kutojiamini. Kisha akaenda kukoroga supu, kwa kuwa ilikuwa imeanza kushika chini. Baraza la pili la bunge liliupitisha baada ya wiki tatu, na wiki ya mwisho ya Machi gavana akatia sahihi. Kile kifungu cha mwisho kilikuwepo.

Mtoto hakungoja sana. Wiki ya kwanza ya Aprili, barabara zikiwa matope, Danika alijifungua mvulana katika wiki ya thelathini na moja. Mdogo, mwekundu, mwenye hasira. Siku ya tatu daktari akamwandikia mama ruhusa, na asubuhi ileile muuguzi akaja na karatasi yenye visanduku vitatu.

"Mama, tuna kitanda chako. Chumba cha pili kutoka kwa mtoto."

Ardys alikuwa amekaa pembeni. Akamwona binti yake akivuta pumzi, akajua kabisa kinachokuja.

"Ah, asante, msijisumbue," alisema Danika. "Tutapata mahali."

Muuguzi akaweka alama, akaenda zake. Ardys alijiuma ulimi. Baada ya chakula cha mchana muuguzi akarudi.

"Kile kitanda, mama."

"Kwa kweli, kuna mwenye shida kuliko mimi."

Alama ya pili. Danika akamtazama mama yake, macho yakicheka na kuomba msaada kwa pamoja, ila Ardys akageukia dirisha. Si kazi yake. Hii sasa ilikuwa kazi ya jimbo zima.

Saa kumi muuguzi akatokea tena, akasimama mlangoni na shuka zilizokunjwa mikononi.

"Mama, kitanda."

"Basi," alisema Danika, "kama kipo tayari."

Wakampeleka. Kilikuwa kitanda chembamba cha kawaida, mto mmoja, na ukiacha mlango wazi ulisikia mashine ya mtoto ikilia kidogo kidogo ng'ambo ya ukuta. Danika alivua viatu, akalala ubavu, na kabla Ardys hajamfunika vizuri akawa ameshapotea usingizini.

Muuguzi akachungulia, akashusha sauti. "Na wewe, bibi? Nikuletee kahawa?"

"Hapana, asante," alisema Ardys. Akavuta kiti karibu na kitanda, akapakata mkoba wake, akakaa kungoja aulizwe tena.